"Damu si inafika kila mahali? Pua inakosaje?"

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia hapa Ujiji, mwaka wa 26 huu nikiwa darasani. Juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha sita aliniuliza jambo nikabaki nimeshika chaki. Amesoma kwamba panya wa maabara akidungwa antibodi za kupambana na virusi vya influenza, damu yake ikajaa, bado pua yake inaambukizwa. Ila panya aliyewahi kuugua akapona, pua yake haiguswi tena. Akasema: 'Mwalimu, damu si inafika kila mahali? Pua inakosaje?' Nikamwambia nitauliza. Na mimi naongeza langu: panya ana uhusiano gani na sisi ambao vumbi la Agosti likianza tu nyumba nzima inakohoa?"

Shikamoo, mwalimu. Miaka 26 ya chaki si mchezo. Wewe unaingia darasani mara ya kwanza, mimi nilikuwa Tabora naangusha maembe mabichi ya watu kwa mawe.

Kijana wako asikatishwe tamaa. Swali lake limewasumbua watu wazima wenye maabara zao kwa miongo mingi, na jibu fupi ni hili: damu inafika kila mahali, ila antibodi, zile protini za kinga zinazonasa kirusi, hazishuki kila kituo. Pua kwa ndani ni nje ya mwili. Ukipenga kamasi hujatoa kitu kilichokuwa ndani yako. Umetoa kitu kilichokuwa juu ya utando laini, upande wa hewa. Mshipa wa damu uko chini ya utando huo, kirusi kinatua juu yake, na kati yao kuna seli zilizobanana bega kwa bega. Antibodi ikitaka kumkuta mgeni huyo kabla hajaingia kwenye seli, sharti ivuke. Zipo antibodi zenye usafiri wa kuvukia na zipo zisizo nao.

Natumia neno antibodi kwa makusudi. Vitabu vingine vinasema kingamwili, neno zuri, lakini wengi wanalitumia kwa kinga nzima ya mwili, na leo tukichanganya hayo mawili tutapotea. Na panya ninayemsema si panya buku wa pale Sokoine, Morogoro, anayenusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Huyu ni kapanya kadogo, keupe au keusi, gramu 20 hivi, na damu yake yote haijazi kijiko cha chai. Ukimweka kiganjani nafasi inabaki.

Alifikaje kwenye kazi hii? Mwaka 1933 huko London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walikipata kirusi cha influenza ya binadamu kwa mara ya kwanza, kwa kuwatia puani maji waliyosukutua wagonjwa wanyama waitwao ferret, jamaa wa vicheche. Ferret wakaugua. Mwaka uliofuata kirusi kikahamishiwa kwa panya, na katika mwaka huohuo wa 1934 Thomas Francis akapata kirusi kingine kutoka Puerto Rico. Hicho cha Puerto Rico, watu wa maabara wanakiita PR8, kimehamishwa kutoka panya hadi panya na kutoka yai hadi yai kwa miaka mingi mpaka kimekuwa mwenyeji kabisa. Na panya mwenyewe ana udhaifu wake: nasaba nyingi za panya wa maabara zina hitilafu kwenye jeni iitwayo Mx1, ambayo ingezuia influenza mapema. Tuliligundua hilo kwa sababu ya panya mmoja asiyefuata mkumbo. Mwaka 1962 Jean Lindenmann alikuta ukoo mmoja, A2G, unapewa kirusi cha kuua wenzake nao unaendelea kula kama kawaida.

Sasa tuangalie mkono wa mtafiti, maana jibu la kijana linaanzia hapo. Ukimshika panya akiwa macho, ukamdondoshea puani maji kidogo sana yenye kirusi, mikrolita 5 hadi 10 (mikrolita ni sehemu moja ya elfu ya mililita), yanabaki puani. Kirusi kinazaliana hukohuko na huenda panya asionyeshe hata dalili. Lakini ukimlaza kwa dawa ya usingizi, akawa anavuta pumzi ndefu za taratibu, ukamwekea mikrolita 30 au 50 kidogo kidogo, unaona kwa macho yako: tone linasimama kwenye tundu la pua kama povu la sabuni, anavuta pumzi, limezama. Unaweka jingine. Hayo yamefika mapafuni.

Kirusi ni kilekile na panya ni ndugu wa tumbo moja, lakini umetengeneza magonjwa mawili. Wa kwanza ana mafua. Wa pili, ikifika siku ya tatu au ya nne manyoya yamesimama, amejikunja pembeni ya kizimba, kila asubuhi ukimweka kwenye mizani amepungua, na joto la mwili linashuka. Ndiyo, linashuka. Panya mgonjwa wa influenza huwa baridi, hapandi homa kama mtoto wako. Nakwambia mapema ili tutakapofika kwenye swali lako la pili usije ukaniuliza kwa nini sikusema.

Huyu wa pili ndiye anayetusomea saa ya kinga. Kirusi kinafika kileleni mapafuni kati ya siku ya 2 na ya 4. Siku hizo panya anajitetea kwa interferoni, protini za kupiga kengele ya hatari, na seli za zamu ya kwanza. Antibodi za kirusi hiki bado hana. Wakati huohuo, kwenye tezi za limfu za katikati ya kifua, seli B, zile zinazogeuka kuwa watoaji wa antibodi, zilizokitambua kirusi zinagawanyika kwa fujo. IgM, aina ya antibodi ya zamu ya mwanzo, inatangulia, siku ya 4 au ya 5. Karibu na siku ya 7 zinaonekana seli zinazotoa aina nyingine mbili za antibodi, IgG na IgA, baadhi ya seli hizo tayari zikiwa njiani kuelekea mapafuni na puani. Ikifika siku ya 8 hadi ya 10 kirusi kimekwisha.

Mwambie kijana azitazame tarehe hizo mara mbili. IgA na IgG za njia ya hewa zinapanda wakati kirusi tayari kinashuka. Katika ugonjwa wa mara ya kwanza, basi, haziwezi kudai sifa zote. Seli T zinazoua seli zilizoambukizwa zimebeba sehemu kubwa ya mzigo. Thamani ya antibodi hizo inaonekana kirusi kinaporudi. (Kuna mtego mmoja hapo. Katikati ya ugonjwa antibodi ikitolewa inanasa kirusi palepale, kwa hiyo kipimo kinachotafuta antibodi iliyo huru kinaikosa na mtu anaandika "hakuna". Nimekaa kwenye kikao watu wakibishana nusu saa kuhusu tofauti ya siku mbili, kumbe ni hilo tu.)

Tuje kwenye usafiri. Chini ya utando wa pua na wa mirija ya hewa wanakaa wafanyakazi waitwao seli za plazma, kazi yao ni kutoa antibodi usiku na mchana. Wanaotoa IgA wanazitoa zikiwa pacha, mikia imefungwa pamoja na protini ndogo iitwayo mnyororo wa J. Kifungo hicho ndicho tiketi. Seli za utando, kwa upande wake wa chini, zina kipokezi kinachowashika pacha hao, kinawapitisha ndani ya seli na kuwatokeza upande wa juu, penye hewa. Wewe wa Kigoma vivuko vya Malagarasi unavijua. Fikiria kivuko ambacho kikifika ng'ambo kinakatwa, na ubao mmoja unaondoka na abiria moja kwa moja. Kivuko hakirudi, abiria wengine wanasubiri kijengwe kingine. Ubao ule ulioing'ang'ania IgA una faida yake: unaikinga isitafunwe na vimeng'enya na unaisaidia kukaa kwenye ute. Hii ndiyo IgA ileile iliyojaa kwenye maziwa ya mwanzo ya mama, yale ambayo wakunga wanasisitiza mtoto asinyimwe. Mtu mzima anatengeneza zaidi ya gramu 3 za IgA kila siku, nyingi zikienda kwenye utumbo, na kila safari inagharimu kivuko kizima.

IgG haina tiketi hiyo. Inasafiri mojamoja, na njia yake kuu ya kufika juu ni kupenya kutoka kwenye damu pale penye upenyo. Chini kabisa mapafuni, kwenye vifuko vya hewa, ukuta kati ya damu na hewa ni mwembamba kuliko karatasi ya sigara, maana oksijeni lazima ipite, na IgG inapata njia. Puani ukuta ni mnene, juu yake kuna ute, na ute wenyewe hausimami: vinyweleo vinausukuma kuelekea kooni saa zote. IgG ya damu inayojitokeza huko ni ya kudonadona.

Hapo ndipo wanapoingia panya aliowasoma kijana wako, na nadhani najua ni wapi. Mwaka 1991 Kathryn Renegar na Parker Small, huko Marekani, walichukua panya waliopona influenza, ambao pua zao hazikuwa zikiambukizwa tena, wakawadondoshea puani kitu cha kuzima IgA. Kinga ya pua ikaondoka. Walipodondosha cha kuzima IgG, au cha kuzima IgM, kinga ikabaki vilevile. Mimi hilo jaribio nalipenda kwa sababu halina mbwembwe. Unamchukua mlinzi mmoja mmoja unamfunga macho, unaangalia ni siku ya nani mwizi anaingia.

Mwaka 2004 Renegar na wenzake wakaja na upande wa pili. Panya ambao hawajawahi kuugua walidungwa kwenye mshipa ama IgA ya pacha ama IgG, zote za kupambana na kirusi hichohicho, kisha wakaambukizwa. Waliopewa IgA kwa kiwango kama cha panya aliyepona, pua zao hazikutoa kirusi. Kivuko kiliichukua ile IgA kutoka kwenye damu kikaivusha. Waliopewa IgG, mapafu yao yaliepuka nimonia lakini utando wa pua uliharibiwa. Ili IgG ipunguze kirusi puani ilibidi iongezwe kwenye damu mara kadhaa kupita kiwango cha panya aliyepona, mpaka ifurike. Jibu la kijana liko kwenye mstari huo mmoja: damu yake ilijaa IgG, na IgG ni mlinzi wa mapafu. Huyo panya wake hakufa. Alipata mafua tu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekupa hadithi safi kuliko ukweli. Mwaka 1999 watafiti huko Marekani walitumia panya waliokosa kabisa jeni ya IgA, wakawachanja kwa njia ya pua, wakawaambukiza. Kwa mujibu wa hadithi yangu walitakiwa kuugua puani. Hawakuugua zaidi ya wenzao wenye IgA. Miaka miwili baadaye kundi jingine likapata kwamba panya wa namna hiyo wanalindwa kidogo kuliko wazima. Na Wajapani mwaka 2002 wakaonyesha kwamba ukimtoa panya kile kivuko, chanjo ya puani inapoteza nguvu, hasa dhidi ya kirusi ambacho si ndugu kamili wa kile cha kwenye chanjo. Mimi naisoma hivi: mnyama aliyezaliwa bila IgA amejipanga tangu tumboni mwa mama yake, IgM na IgG zimeziba pengo, kwa hiyo hawezi kutufundisha yote kuhusu mnyama aliyekuwa nayo akaipoteza jana. Lakini najua wenzangu wanaoisoma vingine, na hawana wazimu.

Swali linalofuata, na kwangu ndilo tamu zaidi, ni kwamba hao wafanyakazi wanaotoa antibodi wanaishi wapi baada ya ugonjwa kwisha. Kwa miaka mingi tulipima damu kwa sababu damu ni rahisi kuchukua. Ni kama mtu anayekaa stesheni ya Kigoma anahesabu magunia ya dagaa yanayopakiwa kwenye mabehewa, halafu anaandika ripoti kwamba ameuhesabu uvuvi wa Ziwa Tanganyika. Magunia ameyahesabu vizuri tu. Lakini waliolala kwenye vichanja Kibirizi, waliokaangwa Katonga usiku uleule na waliokwenda Kasulu kwa fuso, hakuwaona.

Kina Jones na Ada, huko Australia, miaka ya 1980 walishuka mwaloni kwenyewe. Walisaga mapafu ya panya waliopona na kuhesabu seli zinazotoa antibodi, moja baada ya nyingine, wakazikuta bado zimo miezi mingi baada ya kirusi kutoweka. Hawa hawakuwa wapita njia. Mwaka 2004 ikaonekana jambo jingine la kushangaza: panya waliotengenezwa bila wengu wala tezi za limfu, ambao kwa vitabu vya zamani wasingeweza kujitetea, waliambukizwa influenza wakajenga vikambi vya seli B na T ndani ya mapafu yenyewe, kandokando ya mirija ya hewa, na kirusi wakakishinda. Mapafu hayakusubiri makao makuu.

Halafu likaja jaribio la 2019 ambalo ukilisimulia darasani hakuna atakayesinzia. Panya wawili wanaunganishwa ubavu kwa ubavu kwa upasuaji mpaka damu zao zinachanganyika. Mmoja aliwahi kuugua influenza, mwingine hajawahi. Baada ya muda seli za damu zimetembea huku na huku, kila mmoja ana za mwenzake. Lakini zile seli B za kumbukumbu zilizoko mapafuni mwa aliyeugua hazikuhama. Damu inapita karibu nazo kutwa kucha na zenyewe haziingii safarini. Kirusi kikirudi, ndizo zinazogeuka upesi kuwa watoaji wa antibodi, palepale, bila kusubiri siku 7 za tezi. Na ili zikae mapafuni, ilibidi zikutane na kirusi mapafuni. Panya aliyepewa antijeni, yaani kipande cha kirusi ambacho kinga hukitambua, sehemu nyingine ya mwili alipata kumbukumbu nzuri tu kwenye wengu, na mapafu yake yakabaki hayana wapangaji. Mwaka 2021 kundi la Akiko Iwasaki wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, likaonyesha hivyo kwa chanjo: iliyopitia puani iliacha mapafuni seli B zinazotoa IgA, ya sindano haikuacha.

Kwa hiyo turudi kwa wale panya wetu wawili, wa tone dogo na wa tone kubwa. Kinga yao haitafanana, kwa sababu tu ya kiasi cha maji kilichodondoshwa siku ya kwanza na kama panya alikuwa macho au amelala. Ripoti yoyote ya panya wa influenza unayoisoma, kabla hujaamini sentensi ya mwisho, tafuta mikrolita ngapi. Watu hawaangalii.

Kuhusu kupima, nikupe aibu yangu mwenyewe. Ukitaka antibodi za mapafuni unamwua panya kwa utaratibu unaokubalika, unafungua koromeo, unaingiza kibomba chembamba, unasukuma maji ya chumvi karibu mililita 1, unayavuta taratibu, unayarudisha, unayavuta tena. Yakitoka vizuri yana ukungu mwepesi na povu juu, kama maji yaliyooshea mchele mara ya mwisho. Mwaka wangu wa kwanza yangu yalitoka na rangi ya waridi. Nikaona si kitu. Nikapima, nikapata IgG nyingi ajabu, nikatembea kifua mbele siku nzima nikidhani nimegundua jambo. Aliyekuwa akinifundisha akaiinua chupa dhidi ya dirisha, akaniuliza kwa upole, "Hii ni mapafu au ni damu?" Nilikuwa nimechubua. Nilichopima ilikuwa damu iliyovujia kwenye maji, na panya 8 walikuwa wamekufa bure. Tangu hapo kila sampuli napima na albumini, protini ya damu ambayo haitengenezwi mapafuni. IgA ikiwa nyingi kuliko albumini inavyoweza kueleza, imetengenezwa pale. IgG ikipanda sambamba na albumini, imevuja. Na kumbuka pafu lenye influenza linavuja lenyewe hata mkono wako ukiwa mwepesi, kwa hiyo IgG ya siku ya 6 na IgG ya siku ya 40 si habari moja.

Haya, swali lako: sisi na panya wapi na wapi?

Kwanza tuliondoe vumbi. Vikohozi vingi vya Agosti hapo kwenu si influenza. Kuna virusi vya mafua ya kawaida vya kila namna, kuna vumbi lenyewe linalokwaruza koo, kuna moshi wa jikoni unaovichosha vinyweleo vile vinavyosukuma ute. Influenza ipo Tanzania, ila kwa kumwangalia mtu usoni huwezi kuitofautisha kwa uhakika na jamaa zake, inataka kipimo. Homa kali ya ghafla, viungo kuuma na mtu kushindwa kuamka kitandani vinaelekeza huko. Lakini kwa Kigoma mwenye homa kali apimwe malaria kwanza, hilo halina mjadala.

Panya ni kioo chenye mawimbi. Hakohoi wala hapigi chafya kama sisi, na hamwambukizi mwenzake influenza kirahisi hata wakilala rundo moja, kwa hiyo hawezi kutuambia mengi kuhusu namna ugonjwa unavyotembea kutoka kitanda hadi kitanda. Hana tonsili, ana vipande viwili vya tishu ya kinga chini ya pua vinavyofanya kazi inayofanana. IgA ya damu yake kwa kawaida ni ya pacha, ya kwetu kwenye damu ni ya mojamoja, tofauti ambayo mtu akiisahau atatarajia sindano ya IgA imfanyie binadamu ilivyomfanyia panya. Na kubwa kuliko yote, panya wa maabara anakutana na influenza mara ya kwanza akiwa mtu mzima, kwenye kizimba kisafi. Wewe ulikutana nayo ukiwa mtoto, ukakutana na binamu zake tena na tena. Mapafu na pua zako zina wapangaji wa zamani. Sokwe wa Gombe hapo jirani yenu wako karibu nasi zaidi kuliko tungependa: wageni wanakatazwa kuwasogelea kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua. Lakini sokwe hafungwi kwenye maabara kwa jambo kama hili, na mimi sitaki afungwe.

Pamoja na hayo, lile la msingi linasimama kwa binadamu, na ushahidi wake umeshaushika mkononi. Matone ya polio. Ya mdomoni yanaacha IgA kwenye utumbo, kwa hiyo mtoto anazuia ugonjwa na pia anazuia kirusi kisizaliane tumboni mwake na kutoka kwenda kwa jirani. Sindano ya polio inamlinda mtoto asipooze vizuri sana, lakini kinga ya utumboni inayoiacha ni hafifu. Watoto wetu wanapata zote mbili, na mama akikuuliza kliniki kwa nini, hilo ndilo jibu.

Kwa influenza, chanjo ya sindano yenye virusi vilivyouawa inapandisha zaidi IgG ya damu, na IgG, kama tulivyoona, inashuka mapafuni. Ndiyo maana mtu aliyechanjwa anaweza kupata mafua na bado chanjo ikawa imefanya kazi: imemwepusha na nimonia. Asije mtu akamtumia kijana wako maelezo yangu kusema sindano haina maana. Ya kupulizia puani ipo pia, Marekani waliipitisha mwaka 2003. Ina virusi hai vilivyodhoofishwa na kuzoeshwa baridi, vinazaliana puani penye ubaridi na vinashindwa mapafuni penye joto. Kazi ya awali ilifanywa na John Maassab huko Michigan. Nani asingeipenda? Lakini katika misimu ya 2016 na 2017 Wamarekani haohao waliacha kuipendekeza kwa sababu iliwalinda watoto vibaya dhidi ya aina moja ya kirusi, wakairudisha baadaye ilipobadilishwa. Na kwa watu wazima huwa haitambi sana. Sababu moja inayodhaniwa ni kwamba antibodi za zamani puani zinaizima chanjo kabla haijazaliana. Mlinzi anamfukuza mwalimu akidhani ni mwizi.

Sasa mpe kijana kazi ya nyumbani, kwa salamu zangu. Panya mama aliugua influenza akapona. Akazaa. Watoto wa panya, tofauti na wetu, wanaendelea kuichukua IgG ya mama kutoka kwenye maziwa kupitia utumbo hadi kwenye damu yao kwa wiki kama mbili za mwanzo. IgA ya maziwa inabaki utumboni. Mtoto mmoja tunamdondoshea kirusi puani tu. Ndugu yake tunamfikishia kirusi mapafuni. Nani anaugua, na wapi? Aandike na sababu, na asiniandikie "damu inafika kila mahali".